Wanachama Walionyamaza: Mwongozo kwa Viongozi wa Klani za Michezo ya Simu

Kiongozi yeyote wa klani, yaani kundi la wachezaji wanaocheza pamoja mchezo wa simu, anaifahamu hali hii: orodha ina majina hamsini, vita vimefunguliwa, lakini wanaoshambulia ni wale wale kumi na wawili wa siku zote, na majina mengine yamebaki kama kandambili zilizoachwa mlangoni na wageni waliotokea uani. Hasira humpanda, akayatoa majina saba kwa mkupuo, kisha asubuhi yake anakutana na mmoja wao sokoni Mwanga akichagua nyanya na hajui aanze kumsalimu vipi.

Mwongozo huu unaeleza namna ya kushughulika na wanachama wa aina hiyo hatua kwa hatua. Nimeuandika kutokana na klani ninayoiongoza hapa Kigoma, ambayo wanachama wake wengi wako Ujiji, Mwanga, Gungu, Kibirizi na Kasulu, na wachache wako ng'ambo ya mpaka, Bujumbura na Uvira. Mifano yote ni ya Clash of Clans, mchezo wa kampuni ya Supercell ya Ufini uliotoka mwaka 2012, kwa kuwa ndio tunaoucheza. Anayeongoza gildi (kundi kama klani) ya mchezo mwingine ataona kwamba vitufe vinatofautiana, lakini tabia za watu ni zile zile.

Nitangulize jambo moja ambalo hatua zote zinazofuata zinalitegemea. Orodha ya wanachama na orodha ya vita ni vitu viwili tofauti, na ugomvi mwingi katika klani hutokea kwa sababu kiongozi huvichanganya. Mtu asiyeonekana akiwa kwenye orodha ya vita huwaumiza wenzake siku hiyo hiyo, ilhali mtu huyo huyo akiwa kwenye orodha ya wanachama tu, hamdhuru yeyote mpaka siku klani itakapojaa na mtu mwingine akabisha hodi.

Hatua ya kwanza: pima hasara yenyewe

Kabla ya kumwita mtu mzigo, chukua kalamu na upige hesabu ya kile anachokipoteza. Katika vita vya kawaida vya watu 15 kwa 15, kila mtu ana mashambulizi mawili, kwa hiyo klani ina mashambulizi 30 ya kutafuta nyota 45, tatu kwa kila kijiji, yaani ngome ya mchezaji wa upande wa pili. Ukiwaweka wawili wasioonekana, umepoteza mashambulizi manne, na hayo ndiyo mara nyingi yangetumika kusafishia kijiji kilichobakiza nyota moja. Katika Ligi ya Vita vya Klani hali ni ngumu zaidi: klani nane hupambana kwa siku saba, kila mtu ana shambulizi moja tu kwa siku, na asiyeshambulia hana wa kumfidia. Nafuu iliyopo ni kwamba kikosi cha ligi kinaweza kubadilishwa kila siku, hivyo aliyekosa siku ya kwanza anaweza kupumzishwa kuanzia siku inayofuata ambayo bado haijafungwa.

Sasa linganisha na Michezo ya Klani, ambayo ni kazi ndogo ndogo ambazo wanachama hufanya ili kujaza pointi za klani kwa pamoja. Kwa kawaida zawadi ya juu kabisa hupatikana klani inapofikisha pointi 50,000, na mtu mmoja anaruhusiwa kuchangia hadi pointi 4,000. Gawanya mwenyewe: watu 13 wanaocheza kwa bidii wanatosha kuifikisha klani nzima kileleni, na pointi 2,000 zinabaki. Wale 37 wengine wakilala usingizi mwezi mzima, hakuna zawadi itakayopungua kwa wale 13, na asiyechangia chochote hapati kitu. Nimewahi kumsikia kiongozi mwenzangu akiwafokea watu kwa ajili ya Michezo ya Klani hadi sauti ikamkauka, wakati klani yake ilikuwa imekwisha kujaza pointi tangu siku ya tatu.

Kwa hiyo hatua hii ina kazi moja tu: waondoe wasioonekana kwenye vita na ligi leo hii, bila kumuuliza mtu, na usiwaguse kwingine kokote. Mchezo wenyewe unampa kila mwanachama kitufe cha kuonyesha kama yuko tayari kwa vita, kijani kwa aliye tayari na chekundu kwa asiyetaka, ila usikiamini kitufe hicho peke yake, kwa maana aliyepotea aghalabu alikiacha kikiwa kijani siku alipotoweka.

Hatua ya pili: andika daftari lenye majira

Hii ndiyo hatua niliyoichelewa kuliko zote, na ningekuwa naanza upya ningeanza nayo. Nunua daftari la kawaida. Kwa kila mwanachama andika jina lake la mchezoni, jina ambalo watu humwita, kazi yake au shule yake kwa ujumla, tarehe ya mwisho uliyoona dalili zake, na nani ndani ya klani anamfahamu uso kwa uso. Namba za simu za wanafunzi siziandiki, na daftari lenyewe halitoki nyumbani kwangu.

Kuhusu dalili, baadhi ya michezo hukurahisishia kazi. Clash Royale, kwa mfano, huonyesha kwenye orodha ya klani mara ya mwisho kila mtu alipoingia. Pale ambapo hakuna taarifa hiyo, tazama hesabu ya askari waliochangiwa na waliopokewa, ambayo huanza upya kila msimu. Mwenye sifuri pande zote mbili msimu ukiwa katikati hajaingia, au ameingia akavuna dhahabu na kutoka kimya kimya. Ukitembelea kijiji chake na kukuta hakuna jengo linalojengwa wala kilichobadilika tangu wiki iliyopita, umepata jibu.

Lakini tarehe peke yake haina maana bila majira ya maisha ya mtu, na hapa Kigoma majira hayo ni mengi.

Tuanze na ziwa. Wavuvi wa dagaa wa Ziwa Tanganyika huvua usiku kwa taa, na taa huvuta dagaa vizuri pale mbingu inapokuwa na giza. Mbalamwezi ikipevuka, mwanga wa taa hauna nguvu tena, vyombo hupumzishwa, na wavuvi hukaa mwaloni na majumbani wakishona nyavu. Mwanachama wetu mmoja wa Kibirizi alikuwa akipotea karibu wiki tatu, kisha anaibuka mwezi ukiwa mpevu, anaingia vitani na kuchukua nyota ambazo wenye kucheza kila siku walizishindwa, halafu anazama tena. Kiongozi aliyenitangulia alikuwa amemtoa mara mbili kwa sheria ya siku 14. Sheria hiyo, ukiitazama vizuri, ingemtoa mvuvi yeyote wa dagaa kila mwezi mwandamo, maana usiku yuko majini na mchana amelala. Ziwa lilipofungwa kwa uvuvi mwaka 2024, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, mtu huyo huyo ndiye aliyekuwa akichangia askari wengi kuliko sote, akilalamika kwamba anacheza kwa sababu hana la kufanya.

Wanafunzi nao wana kalenda yao. Aliye bweni hana simu tangu shule inapofunguliwa hadi likizo ya Juni au ya Desemba. Aliye Kidato cha Nne, hata kama anasoma kutwa, mwezi Oktoba na Novemba mwache na mitihani yake. Waliomaliza Kidato cha Sita mwezi Mei huitwa kwenye mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria, wengine hupangiwa kambi ya Bulombora hapa hapa mkoani, na huko simu si jambo la kulitegemea. Ukiona kundi la vijana wanne wametoweka wiki moja mwezi Juni, usidhani wamehamia klani ya jirani kwa njama. Inawezekana wanakimbia mchakamchaka.

Wenzetu wa Kasulu na Kibondo wanaolima hupungua mvua za kwanza zinapoanguka, kwa kawaida mwezi Novemba, na baadhi ya mashamba yako mahali ambapo simu inashika mtandao ukipanda kichuguu. Wakati wa Ramadhani, kwa upande wa Ujiji, watu hawapotei bali huhama saa: jioni yote hakuna mtu, kisha baada ya tarawehe klani inachangamka hadi daku. Ukiweka vita vyako vimalizike magharibi, utapata mashambulizi matupu na utawalaumu watu wanaofuturu.

Saa yenyewe ina mambo. Kigoma iko mbali magharibi lakini inatumia saa ile ile ya Dar es Salaam, kwa hiyo jua letu huzama zaidi ya nusu saa baada ya lao, na watu hurudi nyumbani wamechelewa vilevile. Wa Bujumbura na Uvira wako nyuma yetu kwa saa moja. Tulikuwa na mwanachama wa Bujumbura ambaye kwa miezi miwili tulimwandika kuwa mzembe. Vita vyetu vilikuwa vikifungwa saa tatu usiku, naye kila mara aliingia saa tatu kasoro ya kwake, ambayo kwetu ni saa nne kasoro, akakuta uwanja umefungwa. Siku tuliyoandika "saa tatu ya Kigoma, saa mbili ya Bujumbura" uzembe wake uliisha.

Mwisho kabisa kuna bando. Shambulizi moja halizidi dakika tatu na halili kitu kikubwa, lakini sasisho kubwa la mchezo linaweza kumaliza bando ambalo mtu alilinunua kwa ajili ya wiki nzima, na bila kulipakua sasisho hilo mchezo haufunguki. Kwa sababu hiyo, baada ya kila sasisho kubwa nawaongezea watu wote wiki moja ya bure kabla ya kuhesabu siku zao.

Hatua ya tatu: weka kipimo cha siku, ukitangaze

Kipimo kisichotangazwa ni mtego. Chetu kimeandikwa kwenye maelezo ya klani na kwenye kundi la WhatsApp, nacho ni hiki. Siku saba bila dalili: mtu anapumzishwa vitani, basi. Siku 21: anatafutwa na kuulizwa. Siku 35 bila jibu: jina lake linaingia kwenye orodha ya wanaoweza kutolewa ikiwa nafasi inahitajika.

Namba 35 sikuiokota. Mwezi mwandamo una siku 29 au 30, kwa hiyo mtu ambaye kazi yake inafuata mwezi atakuwa amepata angalau mbalamwezi moja ya kujitokeza ndani ya siku hizo, na zinabaki siku tano kwa ajili ya simu iliyoharibika, msiba au safari. Kama wanachama wako ni madereva, wauguzi wa zamu au wakulima wa tumbaku wa Urambo, tafuta mzunguko wa kazi yao kisha uongeze siku chache juu yake. Kuiga namba ya klani ya watu walio katika maisha mengine ndiko kulikomfanya mtangulizi wangu amfukuze mvuvi.

Mtu anayeaga hahesabiwi siku. Akisema "narudi shule, tuonane Desemba", andika neno hilo kwenye daftari na umwache. Ikiwa klani yako ina klani ndogo ya pembeni, mwombe aende akapumzike huko kabla hajaondoka, kwa sababu kuhama lazima ahame mwenyewe kwa mkono wake. Akishazima simu huwezi kumhamisha, unaweza kumtoa tu.

Hatua ya nne: muulize kabla ya kumhukumu

Muulize faraghani. Kutaja jina la mtu kwenye kundi, hata kwa mzaha, ni kumwaibisha mbele ya watu wanaomjua mpaka kwao, na mji wetu si mkubwa kiasi hicho. Mtume yule aliyeandikwa daftarini kuwa anamfahamu. Kama hayupo, andika mwenyewe.

Kumbuka pia kwamba jina la mchezoni halionyeshi umri. Nilipokuwa kiongozi mpya nilimwandikia mwanachama mmoja aliyejiita kwa jina la mnyama mkali ujumbe wa kumkaripia, nikimtaka "aache utoto". Jioni nilipigiwa simu na rafiki yangu tuliyesoma pamoja, akicheka hadi kupaliwa, akaniambia kwamba mnyama huyo mkali ni baba yake mzazi, mwalimu mstaafu, na kwamba mzee anauliza ni utoto upi. Ilinibidi niende nyumbani kwao Katubuka kuamkia. Tangu siku hiyo ujumbe wangu wa kwanza kwa mtu nisiyemjua huwa wa namna hii:

"Shikamoo, na kama ni mdogo wangu basi hujambo. Mimi ni kiongozi wa klani. Ni wiki tatu sasa hatujakuona, tukasema tukujulie hali. Jina lako bado lipo, vitani tumekupumzisha tu. Ukipata nafasi utuambie kama tukusubiri na hadi lini."

Angalia kwamba ujumbe huo hauulizi kwa nini. Mtu aliyefiwa, aliyeuza simu kwa shida, au aliyechoka tu na mchezo, hana deni la kunieleza. Swali la "hadi lini" linatosha, na kwa uzoefu wangu wengi hulijibu, wengine wakisema waziwazi kwamba hawarudi tena na wanaomba watolewe. Mtu wa namna hiyo anashukuru, nawe unapata nafasi bila kinyongo.

Jibu moja la mara kwa mara linahitaji kuelezwa zaidi: "Nipo, lakini ile akaunti ilipotea." Simu iliibwa, au ilidumbukia majini, na akaunti haikuwa imeunganishwa na kitu chochote. Wengine huwa wamekwisha kurudi kwenye klani kwa jina jipya na kijiji kichanga, na jina lao la zamani linaendelea kukaa orodhani likihesabiwa kuwa la mtu aliyelala. Hawa ni watu hai wenye jina la ziada. Thibitisha na mhusika mwenyewe, kisha uliondoe jina la zamani siku hiyo hiyo. Halafu wasisitizie wanachama wote waunganishe akaunti zao na Supercell ID, huduma ya kampuni hiyo ya kuhifadhi akaunti, kwa anwani ya barua pepe wanayoikumbuka na wanayoweza kuifungua. Kazi hiyo ya dakika tano imetupunguzia majina yaliyokufa kuliko kufukuza kokote.

Hatua ya tano: vyeo vishughulikiwe mapema na kwa ukali zaidi

Mpaka hapa nimehimiza subira. Kwa wenye vyeo sina subira hiyo, nami nina sababu.

Kiongozi mwenza, cheo kinachomfuata kiongozi mkuu, anaweza kuanzisha vita na anaweza kuwatoa wazee (hicho ni cheo kilicho chini yake, si umri) na wanachama wa kawaida. Mamlaka hayo hayako kwenye kichwa chake bali kwenye akaunti yake, na akaunti iko ndani ya simu. Miaka michache iliyopita mmoja wa viongozi wenza wetu, mtu mwaminifu kabisa, alibanwa na ada ya mdogo wake akauza simu bila kuufuta mchezo. Alikuwa hajaonekana wiki mbili, nasi tukamwachia cheo kwa heshima. Simu ikafika mikononi mwa mtoto wa mtu, mtoto akafungua mchezo, akaona majina na vitufe, akaanza kubonyeza. Tulipoamka tulikuta watu kumi na mmoja wametolewa, wakiwamo wazee wanne, na vita vya watu 40 vimeanzishwa kwa kikosi ambacho hakuna aliyekipanga. Wawili kati ya waliotolewa walidhani ni kweli tumewafukuza na hawakurudi hadi leo, ingawa nilikwenda kuwaeleza.

Kwa hiyo kiongozi mwenza asiyeonekana siku kumi anashushwa cheo hadi kuwa mwanachama wa kawaida, na anayefanya hivyo ni kiongozi mkuu, kwa maana viongozi wenza hawana uwezo wa kushushana. Hata mzee anaweza kumtoa mwanachama wa kawaida, hivyo naye hushushwa akifika siku 21. Hili lielezwe siku mtu anapopewa cheo, ili lisije likaonekana kuwa adhabu: mwambie kwamba cheo ni ufunguo, anayesafiri huacha ufunguo nyumbani, na akirudi ataukuta. Anayeaga mwenyewe hushushwa siku hiyo hiyo anapoaga, wala hasubiri siku kumi.

Usiwe na viongozi wenza wengi. Sisi tuna wanne. Nimeona klani ambazo kila aliyekaa miezi mitatu ni kiongozi mwenza, na kiongozi wake halali usingizi.

Hatua ya sita: kumtoa mtu

Ukifika hapa umekwisha kumpumzisha, kumsubiri na kumuuliza, na kilichobaki ni kazi ya dakika moja. Hata hivyo angalia mambo mawili.

La kwanza ni wakati. Usimtoe mtu aliyemo katika vita vinavyoendelea. Kijiji chake kitabaki kwenye ramani ya vita hadi mwisho, nafasi yake haiwezi kujazwa na mwingine, na anayeingia klani baada ya vita kuanza hawezi kushiriki vita hivyo. Utakuwa umepoteza mashambulizi mawili bila faida. Ngoja vita viishe. Mimi huchagua siku chache baada ya mbalamwezi, kwa sababu mvuvi ambaye hakujitokeza hata wakati huo aghalabu hatajitokeza mwezi huo.

La pili ni maneno. Mchezo hukupa kisanduku cha kuandika sababu, na mtu huyo ataisoma siku atakapoingia, pengine baada ya nusu mwaka. Yaliyomo humo ndiyo yatakayokuwa mara yake ya mwisho kuisikia klani. Andika: "Nafasi zilijaa, tukapunguza orodha. Karibu tena wakati wowote, omba kuingia na utaje jina lako." Usiache kisanduku kitupu na usiandike "hauchezi".

Watoe wachache kwa wakati, watatu au wanne, kwa kadiri ya nafasi zinazohitajika. Kuwatoa ishirini kwa siku moja huwatia hofu hata wanaocheza, na klani yenye watu 25 wenye hofu huporomoka upesi kuliko yenye watu 50 ambao nusu yao wamelala.

Hatua ya saba: nafasi za wanaorudi

Kati ya nafasi 50, tatu haziguswi. Zimewekwa kwa ajili ya wanaorudi, kwa kuwa haina maana kumwandikia mtu "karibu tena" halafu akabisha hodi akakuta klani imejaa. Nafasi hizo zikijazwa, natoa majina mengine kutoka orodha ya siku 35 hadi zirudi kuwa tatu.

Anayerudi hapokewi kwa maswali. Anaingia kama mwanachama wa kawaida, anacheza wiki moja na vita kimoja kidogo, kisha anarudishiwa cheo alichokuwa nacho kama kilikuwa cha mzee. Cheo cha kiongozi mwenza husubiri mwezi mmoja, na yule ndugu aliyeuza simu alisubiri mwezi huo bila kunung'unika.

Kuna jina moja katika klani yetu ambalo halitatolewa. Mwenyewe alifariki, nasi tulikwenda kumzika. Kijiji chake tumekishusha kuwa cha mwanachama wa kawaida kwa sababu zile zile za usalama nilizozieleza, na kwenye daftari safu yake ya tarehe imepigwa mstari. Kwa kweli tunacheza na nafasi 49.

Kiongozi naye

Kiongozi akinyamaza, hakuna mwanachama anayeweza kumtoa wala kumshusha, hivyo kipimo cha siku hakimfikii. Anachoweza kufanya ni kujitangulia. Nikijua nitapanda treni kwenda Dar es Salaam, safari ambayo huko njiani simu hushika na kuachia, au nikijua nitakuwa na mgonjwa hospitalini, nampandisha mmoja wa viongozi wenza kuwa kiongozi kabla sijaondoka, nami mchezo unanirudisha kuwa kiongozi mwenza papo hapo. Nikirudi ananipandisha tena, kama ataona inafaa. Ukurasa wa kwanza wa daftari letu una jina langu, tarehe niliyoaga na tarehe niliyorudi, katika safu zile zile kama za wengine, na anayelitunza daftari ninapokuwa safarini ni yule mwalimu mstaafu wa Katubuka.